Kabla hujalipa ada ya chama cha matabibu

Mwezi uliopita binti mmoja aliyemaliza mafunzo ya hijama, tiba ya kuumika kwa vikombe, alikuja kituoni kwangu, Mtoni, akanionyesha kitambulisho cha chama. Kipya, kina picha na mhuri. "Dada, nimeshasajiliwa," akaniambia. Nikamkalisha nikamwagizia chai, maana maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2013, na yaliniponza.

Kitambulisho cha chama si usajili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeliachia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kazi ya kusajili watabibu, vituo na dawa, na safari ya kulifikia huanzia serikali ya mtaa, ukapitia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako. Mimi hilo sikuambiwa. Nililipa kiingilio, nikalipa ada, nikanunua na fulana ya maadhimisho ya Agosti 31, siku ya tiba asili ya Mwafrika, kisha nikapanga chumba na kuanza kuumika watu. Wakaguzi walipokuja niliwatolea kitambulisho kwa fahari. Chumba kilifungwa siku hiyohiyo. Katibu wa chama nilipompigia alisema yuko msibani; wiki iliyofuata simu iliita tu. Nilikaa miezi 4 bila kazi, na mwenye nyumba anadai kodi yake.

Kwa hiyo ukikaribishwa chamani, uliza kwanza: nikifungiwa, nani atafuatana nami? Mtajie anayekukaribisha habari za wakaguzi na za Baraza, usikilize atakavyojibu. Chama kinachojua kazi yake kitakuuliza usajili wako umefika wapi kabla ya kupokea hela yako.

La pili watu huliona dogo, nami nalipigania kuliko yote: nyembe. Hijama ni kuchanja na kutoa damu, na damu inabeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Kila mgonjwa ana wembe wake mpya, hilo tunalijua. Lakini ukishatumika unaenda wapi? Mimi nilikuwa nazitia kwenye dumu la mafuta la lita 5, nikaliweka kwenye kona ya chumba, kwa sababu jalala la mtaa wetu watoto wanaokota vyuma chakavu kila asubuhi na sikuweza kulala nikifikiria mikono yao. Nilikwenda peke yangu kwenye kituo cha afya chenye tanuri la kuchomea taka, nikaambiwa hawapokei taka za mtu binafsi. Tulipokwenda watu 7 na barua ya chama nilichomo sasa, tulipangiwa siku na malipo ya mwezi. Mahali palepale. Ndiyo maana nasema chama ni kitu cha lazima kwa mtabibu mdogo, ila kiwe chama cha shughuli za namna hiyo. Semina za hotelini zenye posho na picha za pamoja hazijawahi kumwondolea mtu wembe mmoja.

Sasa niseme lililonitoa kwenye chama cha kwanza.

Mama mmoja mtu mzima alinijia na uso umevimba, umekuwa wa duara kama sahani. Alikuwa anatumia unga wa magoti. Unga wa miti shamba, ndivyo alivyouziwa, na maumivu yalikwisha ndani ya siku 2. Dawa ya majani haifanyi kazi hivyo, dada zangu. Mwarobaini, mlonge, tangawizi, zote zinataka subira. Nilishuku umechanganywa na vidonge vya hospitali, vile vya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu, ambavyo wenye tamaa huvisaga humo ili mgonjwa aone muujiza. Sikumwambia aache, kwa kuwa ukivitumia muda mrefu halafu ukaviacha ghafla unaweza kupoteza maisha. Nilimwandikia barua, nikampandisha bajaji na kopo lake mkononi, daktari akampunguzia kidogokidogo.

Aliyemuuzia alikuwa mwanachama mwenzetu. Nililipeleka kwenye mkutano, nikaomba tupeleke ule unga kwa Mkemia Mkuu wa Serikali upimwe. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, tusianikane. Huyu ni mwenzetu." Ajenda ikafungwa.

Yule mama alikuwa mwenzetu wa nani?

Hapo ndipo nilipojua ninachotaka. Nataka chama chenye ubavu wa kumfukuza mwanachama wake. Mnakumbuka Januari 2015, serikali ilipopiga marufuku waganga wasio na kibali kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Sisi wa vikombe vya hijama tulitazamwa kwa jicho lilelile la wapiga ramli, na tulistahili sehemu ya lawama, kwa kuwa hatukuwahi kusema hadharani nani si wetu. Mgonjwa hana namna ya kututenganisha ikiwa sisi wenyewe tunafichana.

Basi omba katiba uisome. Tazama kama kuna kamati ya maadili, kisha uliza imewahi kumsimamisha nani na kwa kosa gani. Wakikwambia hakuna mwenye kosa, rudi nyumbani na hela yako. Mapato na matumizi yasomwe mkutanoni, uchaguzi ufanyike kwa wakati wake. Hayo ni ya chama chochote, hata cha kufa na kuzikana.

Binti alimaliza chai akaniuliza, "Kwa hiyo kitambulisho nikirudishe?" Nikamwambia abaki nacho, kesho yake aende kwa mratibu kuchukua fomu. Chama chake kina mkutano Jumamosi hii. Amesema ataanza na nyembe.