Bawasiri Iliyokomaa: Kufungwa Mpira au Kupasuliwa?

Swali: Daktari, kila nikienda haja kubwa kinyama kinatoka na inabidi nikirudishe kwa kidole. Dawa za kupaka nimetumia za kila aina. Je, nikubali kupasuliwa?

Jibu: Usikimbilie huko bado, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, hiyo inaelekea kuwa bawasiri ya ndani ya hatua ya tatu. Ya kwanza hutoa damu tu. Ya pili huchomoza ukijikamua, kisha hurudi yenyewe. Ya tatu hairudi mpaka uisukume. Ya nne hukataa hata ukiisukuma. Hatua hizo ndizo zinazoelekeza tiba, kwa hiyo lazima upimwe kwanza. Dawa ya kupaka hutuliza muwasho, lakini kinyama kilicholegea haikirudishi mahali pake. Yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe na muwasho) usiizidishe wiki moja, kwani hufanya ngozi iwe nyembamba.

Wengi wa hatua yako hujaribiwa kwanza kufungwa mpira. Daktari huingiza bomba fupi, akakivuta kinyama na kufyatua kimpira kidogo kwenye shina lake. Damu ikikatika, kinyama hunyauka, na ndani ya siku 5 hadi 10 hivi hudondoka, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Kwa kawaida hupigwi hata ganzi, kwa sababu mpira hufungwa juu, ndani, mahali pasipo na hisia za maumivu kama zile za ngozi ya nje. Utajisikia kubanwa na choo kwa siku moja au mbili. Ukisikia maumivu makali pale pale mpira unapofungwa, sema hapo hapo, maana huenda umefungwa chini mno na unaweza kuondolewa. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema. Na ukisharudi nyumbani, ukipata homa, mkojo ukagoma kutoka au maumivu yakazidi kupanda, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Hali hiyo hutokea kwa nadra sana, lakini inaweza kuua.

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu. Yangu hairudi tena ndani na nimeandikiwa upasuaji. Walionitangulia wamenitisha kwa maumivu. Hakuna njia nyepesi?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Sitakuficha, upasuaji huu unauma. Lakini kwa hatua ya nne, kukata vinyama vyenyewe bado ndiyo tiba ninayoiamini zaidi. Njia ya kukata na kuacha kidonda wazi ilielezwa na madaktari wa upasuaji Milligan na Morgan mwaka 1937. Baadaye daktari Ferguson akaja na ya kushona kidonda. Zote mbili hufanywa kwa ganzi ya mgongoni au nusu kaputi.

Ipo pia mashine inayokata ukanda wa utando wa ndani na kuubana kwa pini, ikavuta vinyama juu. Siku za mwanzo maumivu yake ni machache. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa bawasiri hurudi zaidi kwa waliofanyiwa kwa mashine kuliko kwa waliokatwa kwa njia ya zamani. Kwangu mimi hilo lina uzito.

Choo cha kwanza ndicho kinachoogopwa, na wanaokizuia hujiongezea mateso kwa kuwa kinazidi kuwa kigumu. Omba dawa ya kulainisha choo, nayo uianze mapema. Kila ukitoka chooni, kalia maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Parasetamo pamoja na ibuprofeni husaidia, ila ibuprofeni iache kama una vidonda vya tumbo au tatizo la figo. Dawa za maumivu zenye kodeini zinafunga choo. Wengi hurudi kazini baada ya wiki 2 hadi 4. Damu kidogo ni kawaida. Ikichuruzika, hata kama wiki imeshapita, rudi. Kabla ya kusaini, muulize daktari wako kuhusu njia ya haja kubwa kuwa nyembamba na kushindwa kuzuia choo au hewa. Si wengi wanaopatwa, lakini ni haki yako kujua.

Swali: Nina miaka 52. Siumwi popote, damu nyekundu tu hudondoka baada ya choo. Ninunue dawa ya bawasiri?

Jibu: Hapana, mzee wangu, nakuomba upimwe kwanza. Saratani ya utumbo mpana nayo huanza kwa damu isiyouma, na inawezekana mtu akawa na vyote viwili. Kwa umri wako utumbo unapaswa kuangaliwa kwa kamera, hata kama bawasiri inaonekana. Pima na wingi wa damu. Kama umekonda, au choo kimebadilika mwenendo, usisubiri hata wiki.

Swali: Tangu jana nina uvimbe mgumu wa rangi ya bluu kwenye tundu la haja kubwa. Siwezi kukaa.

Jibu: Yaelekea damu imeganda kwenye bawasiri ya nje. Nenda leo: ndani ya saa 72 daktari anaweza kuukata kwa ganzi ya hapo hapo na ukapata nafuu haraka. Zikipita, maumivu huanza kupungua yenyewe, na mara nyingi ni heri kuuacha. Usiutoboe nyumbani.

Swali: Nikishapasuliwa, inaweza kurudi?

Jibu: Inaweza, hasa ukiendelea kujikamua. Lenga gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, ukiziongeza kidogo kidogo pamoja na maji, na simu usiingie nayo chooni.