Alizaliwa mzima, sasa SS imetoka wapi?

Swali: Docta, niko mama wa Kadutu. Mutoto wangu alizaliwa na kilo muzuri, hakuna shida, kufika miezi saba mikono na miguu ikavimba, labo ikasema ni SS, ule ugonjwa wa sikoseli. Kama ni ya kuzaliwa, juu ya nini haikuonekana mapema? Jirani anasema balimuloga, na kuna muganga ananiahidi dawa ya kugeuza damu ikuwe AA, ya mutu mwenye hana ule ugonjwa.

Jibu: Pole sana mama. Hiyo ya "alizaliwa mzima" tunaisikia kila siku hapa Bukavu, na inavunja jamaa, bibi anaitwa mulozi bure. Hakuna mwenye alimuloga. Ile herufi moja ya ADN (maandiko ya mwili yenye mutoto anarithi kwa bazazi) yenye imebadilika na kuleta SS ilikuwa pale tangu tumboni, ila jeni yake, kile kipande cha ADN chenye kinatengeneza hemoglobini, ilikuwa bado haijashika kazi sawasawa. Hemoglobini njo protini ya damu yenye inabeba hewa, na mutoto tumboni anatumia ingine, tunaiita F, jeni yake ni ya pembeni na haina kosa.

Batu bengi banafikiri ADN ni jeni tu, hapana. Kuna vipande vya herufi vyenye havitengenezi protini yoyote, vinakaa kama swichi, protini fulani inakuja, inatambua mupango wa zile herufi, inashika pale, jeni inawaka ao inazimika. Protini moja, BCL11A, njo inashika swichi ya F na kuizima, na kisha kuzaliwa F inapungua kidogo kidogo, S, ile hemoglobini yenye kosa, inachukua nafasi, kwa hiyo miezi ya kwanza ulimuona mzima. Na kuna batu balizaliwa na herufi moja tofauti kwenye ile swichi, F yao inabaki juu hata bakiwa bakubwa, na kama bako SS haibatese sana.

Sasa huyo muganga. Hakuna majani ya kunywa yenye inabadilisha herufi za ADN, hakuna! Matibabu yenye Uingereza ilikubali mwezi wa 11 mwaka 2023, banatoa chembe za uboho wa ndani ya mifupa, zenye zinatengeneza damu, banakata swichi yenye inawasha BCL11A, banaua uboho wa zamani na dawa kali, ndipo banarudisha zile chembe, na kisha hayo yote herufi ya S inabaki pale pale, ni F tu njo imewaka tena. Sasa yeye na chupa yake? Na mujihadhari na karatasi za labo banawaonyesha: mutoto akitoka kutiwa damu, egzame itaonyesha A, hemoglobini ya mwenye alitoa damu, ngojeni miezi mine murudilie, mutaona.

Ulizia dawa ya hidroksiyurea kwa docta wa batoto, inapandisha F, balijaribu hata Kinshasa na matokeo ikatoka 2019. Penisilini, ile dawa ya kumukinga na mikrobi, usiisimamishe juu ya muganga. Na homa ikifika 38,5 peleka mutoto hospitali usiku ule ule.