Kava ya alumini ya cheni ya pikipiki: jibu kwa aliyeuliza kama inatengenezeka nyumbani

Ndugu, inatengenezeka, na vifaa vyenyewe ni jiliwa, msumeno wa chuma, drili na tupa. Kwa ujazo uleule alumini ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma, ila ukakamavu wake (uwezo wa kutopinda) nao ni kama theluthi, kwa hiyo bamba la chuma la milimita 1 ulibadilishe kwa la alumini la milimita 1.5, ambalo halitalegea kuliko lile na bado uzito utapungua karibu nusu.

Kata kwanza kiolezo cha katoni, ukipachike, kisha zungusha gurudumu polepole uone kama cheni inakigusa. Mstari wa kukunjia uchore kwa kalamu ya wino, si kwa msumari, kwa sababu mkwaruzo ndipo ufa unapoanzia (kava yangu ya kwanza ilipasuka papo hapo), na kona ya mkunjo iwe ya mviringo kidogo. Ukiishi pwani, weka washa za plastiki kati ya bolti za chuma na alumini, maana chumvi huharakisha kuliwa kwa alumini panapogusana metali hizo mbili. Pedeli ya breki na vikanyagio usivibadilishe kwa vya kujitengenezea.