Trela kwenye baridi ya Minnesota

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi, mtu wa Moshi, naishi Texas. Nimeanza kazi za mikataba ya wiki 13, kila mara hospitali nyingine. Nimechoka kuhangaika na nyumba za kupanga. Ninunue trela ya kuishi, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari? Baridi ijayo nitakuwa Minnesota, kaskazini mwa Marekani.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimeishi kwenye trela miaka minne, na ningerudia. Ila hiyo Minnesota inanitia wasiwasi. Baridi yangu ya kwanza kaskazini bomba la maji liliganda, nikayeyusha theluji kwenye sufuria ya ugali ili ninawe uso kabla ya zamu. Nunua mpira wa maji wenye waya wa kupasha joto, na uzibe chini ya trela pande zote upepo usipite. King'ora cha kaboni monoksidi kijaribu kila wiki, tafadhali. Gesi ile haina harufu na huua mtu usingizini. Kiwanja cha kuegesha trela ulizia mapema, kwani vingi vya kule hufungwa majira ya baridi. Na chumba chako cha Texas usikiachie kabla ya kumwona mhasibu: usipokuwa na makazi ya kudumu unayoyagharamia, posho ya nyumba unayolipwa kwenye mkataba hukatwa kodi.