Kutembea juu ya barafuto Iceland kwa mara ya kwanza

Mkuu umeuliza kama mtu ambaye hajawahi hata kukanyaga theluji anaweza kupanda barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, kule Iceland, na kama ni lazima kulipia mwongozaji. Mi nilipanda Sólheimajökull mwezi wa tisa, siku mbili tu baada ya kutoka Dar, kwa hiyo la kwanza jibu ni unaweza kabisa. Ni kama kilomita 160 kutoka Reykjavik, masaa mawili hivi kwa gari.

Pale mnavalishwa helmeti, mikanda ya kiunoni na mapajani, na vile vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti. Raba hazifai, kodi buti ngumu zinazoshika kifundo. Jinzi iache hotelini, mi nilivaa, mvua ikanikuta juu na mapaja yakafa ganzi. Kutembea kwenyewe unajifunza upya, miguu unaiachanisha ili meno yasinase suruali, afu unakanyaga kwa nguvu unyayo mzima mpaka usikie yameng'ata, mi nilikuwa nanyata kwa vidole na ndo maana niliteleza mara mbili.

Kitu sijasahau ni rangi. Sehemu kubwa ni nyeusi, majivu ya volkano, maana hii barafu inashuka kutoka barafuto kubwa zaidi la Mýrdalsjökull, na chini ya hilo kubwa kuna volkano inaitwa Katla iliyolipuka vibaya 1918. Kuna vichuguu vyeusi ukiviona unaapa ni udongo, mwongozaji akagonga kimoja kwa sululu, ndani barafu tupu, kumbe majivu yakiwa mazito yanaikinga na jua, ya pembeni inayeyuka, yenyewe inabaki imesimama.

Sasa mwongozaji, lipia mkuu, hapo usibane hela. Barafu inasogea na kuyeyuka kila siku, njia aliyopita wiki ile ile tukakuta imepasuka akatuzungusha mbali, na kuna mashimo maji yanazama ndani husikii yanapofikia, mtu mgeni huwezi kujua ukingo upi ni mgumu. Hata lile ziwa la chini mtakalopita pembeni yake, miaka ishirini iliyopita palikuwa barafu, watoto wa shule ya mji wa Hvolsvöllur wanapima kila mwaka tangu 2010 inavyorudi nyuma. Niliposimama pale niliumia kweli.

Maji beba chupa moja tu, juu kuna vijito visafi, atakuonyesha pa kujaza.