Mama ametupa vidonge, anasema ameponywa

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 63, ana presha na sukari. Wiki sita zilizopita aliombewa kwenye mkutano wa injili, akapewa maji ya upako, akaambiwa kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Akavitupa chooni vyote, metformini na vya presha. Anasema mwili umekuwa mwepesi, na kanisani ameshatoa ushuhuda. Nikimsihi, ananiambia nina roho ya mashaka. Je, inawezekana kweli amepona? – Binti, Kilosa

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imenirudisha mwaka 2011, nilipokuwa muuguzi wa kliniki ya CTC, ile ya wanaoishi na VVU, mkoani Arusha. Siku moja ya kliniki tulifungua dirisha la dawa, benchi likawa tupu. Watu walikuwa wamekwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, yule tuliyemwita Babu. Alisema Mungu alimwonyesha dawa ndotoni: mizizi ya mti wa mugariga, ichemshwe, kila mtu anywe kikombe kimoja kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na wapo waliofia humo wakisubiri zamu. Nami nilikwenda, nikimsindikiza shangazi yangu mwenye pumu. Nilikinywa kile kikombe. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu anayewacheka wanaotafuta uponyaji.

Baadaye wagonjwa walianza kurudi, wengine wamebebwa. Namkumbuka fundi seremala mmoja ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga mwilini, zilikuwa 412 alipoacha ARV, dawa za kufubaza VVU. Alirudi na 61, mdomo umejaa utando mweupe, hawezi kumeza hata uji. Miezi yote ile aliamini amepona kwa sababu alijisikia vizuri. Tulimwanzishia dawa upya na akainuka. Yapo mafaili mengine niliyoyafunga kwa kamba kwa sababu wenyewe hawakurudi tena, na mengine nayakumbuka mpaka namba.

Huo wepesi wa mama yako usiubishie, ni wa kweli. Metformini huwasumbua wengi tumboni, na baadhi ya vidonge vya presha humwamsha mtu usiku kwenda kukojoa. Ukiviacha, adha hizo zinaondoka na unajiona umepona. Lakini presha yenyewe kwa kawaida haiumi. Inaweza kupanda kimyakimya, mtu anaimba kwaya Jumapili na Jumanne amepooza upande mmoja.

Kama amepona kweli sijui, na wewe hujui, na aliyemwombea naye hajui, maana hakuna aliyempima. Mimi ni Mkatoliki na naamini Mungu huponya. Lakini tazama Kanisa langu linavyofanya kule Lourdes, Ufaransa, mahali pa hija ambapo wagonjwa huenda kuomba uponyaji. Tangu 1883 kuna ofisi ya madaktari inayochunguza watu wanaosema wamepona pale. Waliotoa taarifa ni zaidi ya 7,000. Hadi 2018, miujiza iliyokuwa imetangazwa na maaskofu ilikuwa 70. Huulizwa vipimo vya kabla na vya baada, huulizwa kama dawa ingeweza kueleza kupona huko, na hungojwa miaka kuona kama ugonjwa utarudi. Hata Kanisa langu nimewahi kutoridhika nalo: muujiza uliotumika kumtangaza Mama Teresa mwenye heri mwaka 2003 ulihusu mwanamke wa Bengal aliyekuwa na uvimbe tumboni, na daktari aliyemtibu alisema wazi kwamba alipona kwa dawa za kifua kikuu. Nilitamani sauti ya daktari yule ipewe uzito zaidi.

Mama yako hatakusikiliza ukimtajia Lourdes, basi fungua naye Luka 17. Wale wakoma kumi, Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Na makuhani ndio waliokuwa wakikagua ngozi na kutamka kwamba mtu ametakasika. Walawi 14 inaeleza. Mwambie: mama, nawe twende ukajionyeshe. Usimwambie hajapona. Mwambie ushuhuda wake utakuwa na nguvu zaidi akiwa na karatasi ya kipimo mkononi.

Mpeleke asubuhi kabla hajala, apimwe sukari na presha. Sukari ya kufunga ikifika 7 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, au presha ikifika 140 kwa 90, ugonjwa bado upo, na asirudie dozi ya zamani kwa kukisia. Daktari ndiye ampangie. Akipinda mdomo, akiishiwa nguvu mkono au maneno yakimgoma, au akitapika huku anahema kwa nguvu na kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi wala maombi ya jioni. Hospitali saa hiyohiyo, mwombeeni mkiwa njiani.

Yule aliyemwambia atupe dawa, mwendee na mjomba au mzee wa kanisa, kwa adabu. Mwombeni amwombee mama akiwa ameshika vidonge vyake mkononi. Nimewaona wachungaji waliokubali, na mgonjwa akameza palepale mbele yao bila hofu ya kumkosea Mungu.

Mkishapima, niandikie namba zote mbili za presha, ya juu na ya chini, na ile ya sukari.