Reli kulipia mfereji zisioupita

Kuna reli za Marekani zilizolipa ushuru wa mfereji wa boti ingawa mizigo yao haikupita humo; zililipa kweli, si hadithi ya kijiweni kama wengine wanavyodai. Jimbo la New York ndilo lililojenga mfereji wa Erie (ulifunguliwa 1825) na lilitegemea ushuru wake, hivyo halikutaka treni ziunyang'anye mzigo. Reli ya Utica hadi Schenectady ilipoanza 1836 ilibeba abiria na mabegi yao tu. Mwaka 1844 ikaruhusiwa kubeba mizigo, lakini mfereji ukiwa umefungwa kwa barafu, na hata hapo ilipie ushuru uleule wa mfereji. Yaani pipa la unga limepanda behewa, maji yameganda, hakuna boti inayosogea, na bado jimbo linadai chake! Mwaka 1847 ruhusa ikawa ya mwaka mzima, ushuru ukabaki palepale hadi ulipofutwa 1851.

Ila haikuwa Marekani yote. Hiyo ilikuwa sheria ya New York. Pennsylvania nao walikuwa na kodi yao ya kila tani kwa reli yao kubwa, ikafutwa 1861.